Mtani, Umeniachia Kipa

Xiaobei, Guangzhou, 1998

Mtani wangu Zuberi,

Ningekuwepo Handeni siku ile usingezikwa kirahisi. Ningeshuka kaburini mimi kwanza, nikalala chali, nikasema Mzigua huyu haingii humu mpaka nipewe jogoo, na wajomba zako wangenitukana huku wanacheka na kulia, kama inavyotakiwa Mnyamwezi akifiwa na mtani wake. Lakini nilikuwa huku, nimesimama kwenye kibanda cha simu pale Dengfeng, shemeji yako, mke wangu, ananiambia umezikwa tangu alasiri. Kwa hiyo maneno yangu ya msibani hukuyasikia. Nakuandikia sasa, na usitegemee nikupambe.

Nakuonea wivu. Umekufa, na bado nakuonea wivu.

Shomari amepanda. Yule winga wako mwembamba, uliyemchagua alipokuwa anaingizwa dakika za mwisho wenzake wakichoka, wamemwita kikosi cha kwanza. Jumapili moja alianza mechi, akatoa pasi ya goli. Shemeji yako alinisimulia kwa simu mpaka mwenye kibanda akaanza kunigongea meza. Nikasema "hongera", nikakata, nikatembea mpaka darajani nimenuna.

Wewe ndiye uliyetuanzishia ugonjwa huu. Timu kubwa kila mtu anaishangilia, ulisema, sisi tuwaangalie wanaokuja. Basi kila mmoja wetu hapa Xiaobei akachagua kijana wake katika timu ya pili ya klabu yetu, wale wanaocheza asubuhi, uwanja hauna watu. Kijana anakanyaga gazeti, anachorwa mguu kwa kalamu, gazeti linakuja na msafiri yeyote anayepanda ndege, na huku sisi tunamtafutia daluga za kuchezea kwa kufuata ule mchoro. Kijana akipandishwa, mwenye kijana anaingia jikoni kwa yule Mwislamu wa Kichina mwenye mgahawa pale kona, anapika pilau, tunakula wote.

Wewe umepika mpaka mwenye mgahawa akajifunza kuweka bizari. Mimi sijawahi hata kumenya kitunguu. Kijana wangu wa kwanza alivunjika goti. Wa pili alioa, akanenepa. Wa tatu, yule niliyemsifia mpaka koo likanikauka, aliacha mpira akaenda kuwa utingo wa lori la Kahama. Ukasema, "Deo, jicho lako ni la kuchagulia mitumba." Nilicheka na wenzangu, lakini roho iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Na zile mbwembwe zako! Unachukua gazeti lenye mguu, unalibandika kwenye mwanga wa dirisha la chumba chetu, unapitisha kidole taratibu, unafumba jicho moja. "Huyu anaelemea nje. Winga huyu." Mguu wa karatasi, bwana wee! Mimi naangalia mguu ule ule, naona mguu.

Ulipoondoka hapa tumbo limekuvimba, nani alikubebea begi mpaka uwanja wa ndege? Tumelala chumba kimoja, tumepika sufuria moja, wewe huli nyama ya nguruwe na mimi nikaacha kwa ajili yako, na unajua nilivyokuwa naipenda. Nikawa na uhakika moyoni kwamba lolote likitokea, Shomari ataniangukia mimi. Sikutaka kingine. Saa yako ichukuliwe, redio yako ichukuliwe, nipewe yule mtoto tu, ili watu wakisema Zuberi, wamalizie na Deo.

Ukampa Mama Glory. Mama Glory! Mchaga anayenunua majinzi kule Xintang, aliyejiunga nasi juzi, ambaye mwaka jana alikuwa anauliza kwa nini yule mmoja anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono. Ulimpigia simu kutoka hospitalini ukamwambia, Shomari ni wako. Mimi hukunipigia. Nilikuwa nakaa pale kibandani kila jioni nasubiri kuitwa jina, na hukunipigia.

Basi Mama Glory akapika pilau. Lilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera. Mzee wa Unguja akakuombea dua, tukaitikia amina sote, na mimi Mkatoliki wa Tabora. Halafu maneno yakaanza. Zuberi alikuwa na jicho. Zuberi alimwona kabla ya mtu yeyote. Kila kinywa Zuberi, na mimi natafuna mfupa ulioisha nyama. Hakuna aliyesema Deo alimbebea begi.

Watu walipokuwa wananawa, Mama Glory akanitolea gazeti lililokunjwa. "Shemeji Deo, hii Zuberi alisema ni ya kwako." Nikalifungua pale pale mezani. Mguu ulianzia kwenye gazeti moja ukaishia kwenye jingine, yameunganishwa kwa gundi. Pembeni pameandikwa: Chande.

Chande, mtani! Kipa wa tatu wa timu ya pili! Kipa wa benchi, na benchi lenyewe likijaa yeye anakaa chini kwenye majani. Walicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Nikalikunja gazeti, nikaaga, nikaja nikalitupa juu ya marobota yangu. Kila nikiingia chumbani naliona, nikalifunika na shati.

Ningeliacha hapo hapo, nakuambia kweli. Tatizo ni shemeji yako. Sikumuuliza, akaniambia mwenyewe kwenye simu kwamba Chande hana kiatu kinachomwenea, daluga alizonazo amezikata mbele kwa kisu ili vidole vitoke, na anaruka hivyo hivyo kwenye kokoto. Nikamjibu kwamba hayo hayanihusu. Asubuhi yake nikatoka na gazeti kwapani.

Nilianza na majengo ya viatu karibu na stesheni, nikapanda ghorofa zote. Nikilikunjua gazeti sakafuni, wasichana wa dukani wanaitana waje waone. Mmoja akaingiza miguu yake yote miwili ndani ya mchoro, bado nafasi ikabaki. Meiyou, meiyou, hakuna, hakuna, siku nzima ndio wimbo niliousikia. Kwao mguu unaishia arobaini na tatu, na ukipata arobaini na nne umshukuru Mungu. Chande anavaa arobaini na sita. Nilikutukana njia nzima ya kurudi, kwa Kinyamwezi, watu wa kwenye basi wakanipisha kiti.

Mwishowe nikaelekezwa nje ya mji, kwa laoban mmoja mwenye karakana inayoshona viatu vya Warusi. Bosi mwenyewe mfupi, anavuta sigara, ana kalibu za miguu mikubwa zimening'inia ukutani. Nikamtandikia gazeti, nikamwandikia 46, nikainua kidole kimoja. Akaitikia kwa kichwa. Nikaacha kishika uchumba, nikaondoka najiona mjanja.

Haya, cheka. Kidole kimoja Guangzhou ni katoni moja. Nani anakuja huku kununua pea moja ya kitu? Mimi mwenyewe nimekiinua kidole hicho tangu nilipofika, kwa tochi, kwa fulana, kwa pasi za umeme, na nimewacheka sana wageni wanaokosea. Lakini siku ile nilikuwa na mguu mmoja kichwani, nikasahau niko wapi. Nilipokwenda kuchukua, laoban akaisukuma katoni mpaka miguuni kwangu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. Pea kumi na mbili. Daluga nyeusi, namba arobaini na sita, zote. Nani mwingine katika Tanzania nzima atazivaa?

Nilipitia kwa Mama Glory kwa sababu mikono ilikuwa imenichoka. Alipofungua katoni alicheka mpaka akakaa juu ya robota la jinzi, akajifuta machozi kwa mguu wa suruali ya sampuli. Halafu akaifunga katoni. Akasema, "Sasa umeanza mwenyewe, naweza kukuambia." Akanisimulia ulivyomwambia siku ile ya simu. Kwamba Shomari ameshafika, hata mtu asiyejua ofsaidi anaweza kumnunulia viatu. Kwamba Chande ndiye kipa bora uliyewahi kumwona, lakini atachelewa, atachelewa sana, na watu watamchoka. "Mpeni Deo. Deo ana wivu, akishika kitu hakiachii. Mimi nisimpigie, nikimpigia tutalia tu, tutamaliza dakika." Ndivyo ulivyosema. Ameapa.

Nikakaa juu ya katoni nikalia, mtani, mbele ya Mchaga.

Na hata katikati ya machozi wivu haukuniacha. Maana sasa hata wivu wangu wewe ulikuwa umeshaupangia kazi. Kwenye hilo pia ulitangulia! Mtu anakufa, ana maumivu, na bado anakaa anampangia Deo maisha. Kwa nini hukuniachia kitu kimoja tu ambacho hukukiona kabla yangu?

Jana asubuhi nililibandika gazeti kwenye dirisha, pale pale pako. Nikafumba jicho moja. Kwenye kisigino wino umekolea, amesimama ameelemea nyuma, kama mtu aliyezoea kungoja. Labda ni kalamu tu ilivuja, sijui. Lakini nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Pea ya kwanza imeondoka na msafiri wa Jumamosi. Zilizobaki nimezipanga kwenye kitanda chako, kile ambacho sijamruhusu mtu akilalie, ingawa mwenye nyumba anasema kodi ni ya watu wawili. Nitampelekea moja moja, zikichakaa namtumia nyingine, mpaka katoni iishe au Chande apande. Ikiisha kabla hajapanda, nitarudi kwa laoban na kidole changu kimoja.

Na siku atakayopanda nitaingia jikoni kwa yule Mwislamu wa Kichina, nitamenya vitunguu kwa mikono yangu. Mtu akifungua mdomo kusema Zuberi alikuwa na jicho, namnyang'anya sahani. Huyo ni kijana wa Deo. Wewe nitakutengea yako pembeni, Mzigua, ila nyama nitakupunguzia.

Lala salama, mtani. Nikirudi nyumbani nitapitia Handeni kabla ya Tabora. Nitajilaza hapo juu yako, hata kama nyasi zimeota, na sitaondoka mpaka wajomba zako wanipe jogoo wangu.

Mtani wako,
Deo