Kuta za Chumba Chako Kabla ya Plasta

Mwiki, Ruiru
Jumatano, tarehe nane Aprili

Baba mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo Mama ameniomba nisikusumbue nalo. Tukiongea kwa simu nyumba nzima inasikiliza, na mapumziko yako ya kazini huko Doha huisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hivyo nimeandika, na nitapiga picha kurasa hizi nikutumie.

Plasta ya nyumba tunayojenga kule Kimbo inaanza Jumamosi. Paipu zote za kupitishia nyaya za simu na intaneti lazima ziwe zimelala ukutani kabla ya hapo, na chumba kimoja hakijaamuliwa. Ni kile cha pembeni, chako.

Hapa kwenye nyumba ya kukodi mambo ni yaleyale uliyoyaacha. Intaneti inafika dirishani tu, nami nafanya kazi za shule nimesimama. Ulikuwa ukinitazama na kusema, "Kwetu kila chumba kitakuwa na waya wake. Utakaa chini kama watu." Nilipokuwa gredi ya sita ulinipeleka Thika kununua paipu. Mzee Harjit, mwenye duka, akahesabu na kuuliza, "Fundi, unajenga nyumba ama benki?" Ukamjibu kwamba ukuta ukishapigwa plasta haufunguki kwa kubembelezwa. Kisha ukanipa ramani niishike njia yote. Tangu uondoke, bado ni mimi ninayeishika.

Nimefuata ulivyonifundisha. Nyaya za umeme ziko upande wake na za intaneti upande wake, shubiri moja katikati. Ndani ya kila paipu kuna waya mwembamba wa kuvutia nyaya nyingine baadaye, na midomo nimeiziba kwa gazeti ili saruji isiingie. Lakini nilikosea, Baba. Nilipima urefu wa visanduku vya ukutani vya kuchomekea nyaya kutoka sakafu ilivyo sasa, nikasahau kwamba itapanda kwa saruji na vigae. Fundi Wafula aliinama, akatazama alama zangu, akauliza, "Injinia, hizi ni za panya kupigia simu?"

Nilitaka kulia. Akanipa chaki. "Futa, tupime tena. Hata babako alianza hivi, na mimi ndiye nilikuwa namshikia tepu." Tulirudia vyumba vyote hadi saa kumi.

Kisanduku cha Cucu kiko kando ya kitanda, kama ulivyochora, ili aweze kuipigia simu ya jikoni bila kuinuka. Tangu aanguke bafuni na tusimsikie, Mama huacha milango yote wazi. Cucu mwenyewe anasema, "Nitawapigia hata nikiwa sina shida, nijue kama mnanisengenya mimi nyanya yenu."

Sasa chumba chako. Ulichora visanduku viwili na meza ya kutengenezea simu za watu. Mama anasema kuta hizo ziachwe, tutaweka mpangaji. Usimkasirikie. Umeongeza mkataba mara mbili sasa, na nadhani anaogopa kukiandaa chumba halafu kikae tu. Juzi nilimkuta amesimama humo peke yake, mkono juu ya alama ya penseli uliyoiacha ukutani. Baadaye njiani akanunua ndizi, akanipa ile kubwa.

Fundi Wafula atakuja Ijumaa asubuhi na patasi. Ama atachimba njia ya paipu kwenye kuta hizo, ama atazipita.

Sikuandikii ili nikulaumu. Najua karo yangu inatoka huko, na katika picha zako naona umekonda. Nina matumaini, ila fundi hawezi kuchimba ukuta kwa matumaini yangu. Anataka kujua wewe unasema nini.

Cucu anakusalimu. Mama pia, ingawa hajui nimeandika; nitamwonyesha barua hii nikishaituma. Jitunze na jua la huko, na ule vizuri.

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa neno moja: mkataba huu ukiisha, utarudi kufanya kazi katika chumba hicho?

Binti yako mkubwa,
Wambui