Ngoma Uliyomlaumia Nzomo

Mbooni,
Jumatano, 11 Agosti 1976

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao wa kwanza. Huku kwetu tu wazima, mguu wa mke wangu Muthoki umepona, na mahindi tumeshayaweka ghalani. Kifua chako kinaendeleaje? Na wewe Mumbua, dada yangu unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke kitu.

Mama, Nzomo amerudi kutoka ng'ambo. Sasa ni daktari, si wa dawa, ni wa mambo ya Mungu. Jumapili nilimkaribisha kanisani kwangu, ningefanyaje na ni ndugu yangu? Nilitumaini atahubiri Kizungu kingi watu wasinzie. Hawakusinzia. Alisema zamani alidhani kazi ya mwinjilisti ni kumbeba Mungu mpaka kijijini, kama mzigo wa posta. Baadaye, akiwa masomoni, alianza kujiuliza ni nani aliyekuwa akiwapa watu wa kijiji cha Tulia mvua kabla ya sisi kufika na Biblia. Siku hizi anasema mwinjilisti aingie kwanza akiuliza, ndipo aseme. Wazee wa kanisa walifuta machozi. Mimi nimewahubiria miaka kumi na minne, na machozi niliyowatoa ni ya miayo.

Nilimwonea wivu, Mama. Sina haja ya kuficha.

Kisha akasema kilichombadilisha ni ngoma moja: ile ya kilumi uliyorithi kwa nyanya, ambayo akina mama mliipiga mkicheza na kuomba mvua. Ilichomwa mwaka wa 1962, wiki ile ile aliyohubiri Tulia kwamba vitu hivyo ni vya shetani. Ulimlaumu yeye, hata hukumsindikiza alipokwenda ng'ambo. Jumamosi anakuja kwako kupiga magoti akuombe msamaha.

Lakini si yeye aliyeichoma. Ni mimi. Ulikuwa umekwenda mtoni. Nilitaka wamisionari wasikie kwamba Nzomo ana maneno tu, mimi nina matendo. Ngozi ilichelewa kushika moto. Uliporudi ukauliza, nilinyamaza, na miaka yote hii nimekula chakula chako kama mtoto mwema. Na bado nilimwonea wivu, kwa sababu hata kwa hasira, jina ulilotaja kila siku lilikuwa lake.

Nzomo anajua, aliniona. Baada ya ibada nilimuuliza kwa nini abebe lisilo lake. Akanijibu kwamba aliyehubiri ndiye aliyewasha. Hata kosa langu amelichukua, akalifanya somo, na watu wakampenda zaidi.

Musembi wa machungwa atakuletea barua hii Ijumaa, nimemsihi asichelewe. Nzomo akifika mpe kiti, mpe chai. Msamaha usimpe wote, Mama. Ule wa ngoma ni wangu. Niwekee, nitakuja mwenyewe Jumatatu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Mumbua akupashie maji ya kifua jioni.

Ni mimi mwanao,
Mulei