Wa Kunitwisha Kamera

Kilakala, Morogoro

Kwako dada yangu Agnes,

Shikamoo dada. Habari za huko Mgeta, na hilo goti lako linalolalamika kila mvua ikikaribia? Shemeji Gervas hajambo? Huku mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Barua hii nimempa Modesta aliyeleta njegere sokoni. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu; hilo nitakueleza mbele.

Ile kamera nimeipata. Unakumbuka marehemu mume wangu Erick alivyotuchosha na habari za kamera kubwa za zamani, zile za kuingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Miaka yote studio tunapiga watu picha za pasipoti, yeye macho yapo dirishani, mlimani. Alikuwa akisema mlima ukipigwa kwa kamera ndogo unanuna. Basi nikaamua alilotamani yeye nilifanye mimi, nije nipige matuta yenu ya kabichi yanavyopanda mpaka kwenye ukungu.

Mzee Eustace, mpiga picha mstaafu anayekaa Mazimbu, alikuwa nazo mbili. Moja ya chuma, inajikunja na kuingia kwenye begi la mgongoni pamoja na miguu yake. Filamu yake moja ni ndogo kama kiganja. Nyingine ya mbao, kongwe, ina viraka, inakaa kwenye sanduku zito, na filamu yake moja ni kubwa kama daftari. Mzee akanishauri kwa moyo safi nichukue ya chuma. Akasema kwa njia za Mgeta zilivyo, hiyo nitakwenda nayo na kurudi nayo bila kumsumbua mtu.

Nikaijaribu. Nikaivaa mgongoni, nikazunguka uani, nikaifungua. Milima yote ikaonekana kwenye kioo chake kichwa chini, mawingu yametandikwa chini kama shuka. Nzuri, siwezi kusema uongo. Nikaikunja, nikaivaa tena mwenyewe, hakuna aliyenyanyua hata kidole. Dada, nilinyong'onyea palepale.

Nikaomba kujaribu ya mbao. Kuibeba naweza, shingo yangu unaijua, matenga mangapi ya karoti tumeyashusha mpaka kwenye lori. Lakini kujitwisha siwezi. Mzee mgongo wake mbovu, akamwita mkewe, mama Josephina, akatoka jikoni na mikono ya unga. Tukanyanyua wote, akashikilia mpaka sanduku likakaa sawa kwenye kata ya kitambaa kichwani. Halafu akanishika bega, akasema haya mwanangu, nenda.

Sikwenda. Nilisimama uani na mzigo kichwani nikilia, mama wa watu asijue afanye nini. Tangu mlipoondoka baada ya arobaini, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

Mzee Eustace nilimwambia nachukua ya mbao kwa sababu ya ukubwa wa filamu. Akasema nitajuta. Uongo ule ni mdogo, mkubwa nimekupa wewe. Kila ukipiga simu nakwambia majirani wanashinda hapa kwangu. Hawaji, dada. Ni watu wema, wananisalimia getini, wanapita. Zile sauti unazozisikia ni redio. Simu yako ikiita nafungulia redio kwanza, ndipo napokea. Ndiyo maana nimeandika, maana kwa simu ningekudanganya tena. Hata hapo juu niliposema ni mzima, ni mwili tu.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, mtu akitua tenga lake njiani apumzike, anakaa nalo hapo mpaka apite wa kumtwisha. Hata kama hamsemezani, atakutwisha ndipo apite. Mimi nimetua siku nyingi, na njia yangu haipiti mtu.

Jumamosi nakuja na lori la mboga likipanda. Nitashuka palepale tulipokuwa tunangojea magari, mimi na sanduku langu. Utingo akitaka kunitwisha nitamkatalia. Nitalikalia hapo mpaka nikuone.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Na goti likikuuma, usikimbie kwa ajili yangu. Shuka polepole, nitakungoja.

Mdogo wako,
Devotha