Mashine ya Kumalizia Habari za Nshombo

Jumatano, 3 Februari 2016

Mashine yangu imekufa. Ile laptopu niliyoachiwa na padri wa Bujumbura tulipokuwa tunangoja ndege ya kuja Amerika. Asubuhi nimebonyeza — kimya. Bahizire, jirani anayetengeneza simu za Wakongo wote wa upande huu wa Louisville, ameifungua juu ya meza ya jikoni, akainusa kama mtu anayenusa samaki wa juzi. Bodi imeungua, kasema. "Mama Cubaka, hii tuizike tu. Matanga nitagharamia mimi." Gracieuse, binti yangu, amecheka. Mimi kidogo.

Kurasa zimo kwenye flashi, Mungu ashukuriwe. Nimemfikisha Nshombo, mume wangu, mwaka 1971. Mwaka uliofuata lori lilianguka kwenye milima ya Ngomo, naye alikuwa ndani. Gracieuse alikuwa bado tumboni. Kaka yake Cubaka walau anakumbuka viatu vya baba, na kikohozi chake cha asubuhi. Yeye hana kitu. Basi ninamwandikia yeye. Daktari alisema moyo wangu umechoka, akauliza kama nataka kujua zaidi. Nikamwambia inatosha. Lakini lazima nimalize.

Na hapa, mahali ambapo hakuna wa kusoma, nikiri: sioni. Ninaona mwanga wa dirisha, ninaona kivuli cha mtu akipita. Haya ninaandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, maneno machache kwa ukurasa, na kesho mwenyewe sitaweza kuyasoma. Watoto hawajui. Kanisani ninafungua kitabu kama wengine. Nyimbo ninazo kichwani tangu ubatizo. Vidonge Gracieuse hunipangia. Akijua, ataacha kazi yake ya usiku kule ghalani ili akae nami, na nyumba hii inalipwa na kazi ile. Au Cubaka atanichukua Columbus, ambako mkewe hushinda nyumbani. Mke mwema kabisa. Lakini mtoto ambaye hakumwona baba yake ni huyu wa hapa.

Kwa mashine sihitaji macho. Ndiyo siri yote.

Jumapili, 7 Februari

Baada ya misa, mkutano. Simu katikati ya meza, pembeni ya sahani ya sombe. Cubaka yuko Columbus, kwake Linden. Charlotte, binti wa Gracieuse, yuko Buffalo anakosoma. Amepanga karibu na barabara ya Bailey pamoja na msichana wa Kitanzania, Witness. Wamechanga dola mia mbili na hamsini. Bon — tununue nini?

Cubaka anataka mpya dukani, yenye kioo kikubwa. Mama ni mtu mzima, anasema, macho si ya kijana. Nikashika kikombe changu kwa nguvu. Charlotte akakataa. Mpya za bei hiyo ni plastiki tupu, bawaba huvunjika kabla ya mwaka, na ndani hakuna nafasi hata ya programu zake zenyewe. Tutafute zile ambazo makampuni huziondoa maofisini baada ya miaka mitatu: nzito, nyeusi, sura kama jiko la makaa, lakini zinadumu. Betri unabadilisha kwa bisibisi. Cubaka akasema tumevaa mitumba miaka yote ya Bujumbura, mama asimalizie siku zake na mtumba mwingine.

"Mjomba," Charlotte akasema, "na gari lako tuliite nini?"

Gracieuse akacheka mpaka akapaliwa. Cubaka akasema gari ni jambo jingine.

Hakuna aliyeuliza habari ya vitufe. Mimi pia sikuuliza. Mawazo yangu yalikuwa Bukavu, kwenye Lise, shule ya masista, darasa la kupiga mashine. Kila msichana amefungwa kitambaa cheusi shingoni, kimeshuka mpaka juu ya mashine ili asione mikono yake. Santuri inapiga muziki wa maandamano, vidole vinafuata. A, Z, E, R, T, Y — mpangilio wa Kifaransa, huo tu, hatukujua kama duniani kuna mwingine. Nshombo alikuwa karani wa kampuni ya chai. Alikuja kutafuta mtu wa kupiga barua za bosi wake, akasimama mlangoni mpaka santuri ikaisha. Alidhani ni mvua ya mawe juu ya mabati. Hivyo ndivyo alivyosema — na alikuwa amekuja na mwavuli!

Alhamisi, 11 Februari

Gracieuse amenipeleka dukani kabla hajalala. Ameshika mkono wangu kwa sababu ya barafu. Vizuri, sikuhitaji kisingizio. Muuzaji kijana mpole. Ameniwekea mashine ya kioo kikubwa, akasema jaribu, bibi. Nikaweka vidole mahali pake nikaandika jina la mume wangu. Gracieuse akasoma: Nsho;bo. Nikaandika tena, nikaongeza mama. Ikatoka ;q;q. Muuzaji amecheka kwa adabu.

Nikaelewa. Mpangilio wa hapa si wetu. A imehamia kwingine, M imeshuka chini. Ni kama kurudi nyumbani kwako ukakuta wamehamisha milango.

Gracieuse akasema si kitu, herufi zimechapwa juu ya kila kitufe, nitakuwa naangalia polepole mpaka nizoee. "Mama, wee ulikuwa mwalimu, unaweza shindwa hii?" Nikasema mikono imezeeka. Nikamwomba aulize kama wanazo za Kifaransa. Kijana akasema hawana, labda Kanada.

Kanada! Njia nzima nilikuwa na furaha. Buffalo na Kanada ni daraja tu.

Jumamosi, 20 Februari

Witness ana pasi, amevuka daraja kwenda kumsalimia shangazi yake, na Charlotte akamtuma aingie maduka ya huko. Amempigia picha za vitufe. Charlotte amenipigia simu mwenyewe, sauti ya chini. Vitufe vya Kanada vina alama zote za Kifaransa, è na ç zimo, lakini A iko palepale pa Waamerika, na M pia. Nimemuuliza hao ni Wafaransa gani. Amesema, Koko — ndivyo anavyoniita bibi yake — hata mimi nimeshangaa.

Sote tulidhani Kifaransa ni kimoja. Sisi tuliofundishwa na masista!

Jumatatu, 22 Februari

Theluji. Kifua kizito. Sijatoka kitandani ila mara moja. Nimejaribu kuendelea na habari za Nshombo kwa kalamu hii. Mistari imepandana, ninaihisi kwa kidole ilivyokandamizwa mmoja juu ya mwingine. Hakuna atakayeisoma.

Nikiri na hili: hata mashine ilipokuwa nzima nilikuwa nachelewesha. Kurasa tatu juu ya harusi ya binamu. Ukurasa mzima juu ya baiskeli. Katika maandishi yangu bado yu hai, anapiga mluzi, anadai chumvi. Sikuwa na haraka.

Jumapili, 28 Februari

Charlotte amepiga simu, mama yake akiwa bado kanisani na kwaya. Amepata mashine: ya ofisi, imetumika, nzito, diski mpya, inaingia kwenye bajeti na chenji inabaki. Na amegundua jambo. Mpangilio unabadilishwa ndani, kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, bila kulipa chochote. Unachagua Kifaransa, na vitufe vinatii. Tatizo moja tu: herufi zilizochapwa juu zitasema uongo. Kitufe kimeandikwa Q, kitatoa A.

"Koko, hiyo inamufaa tu mutu asiyeangalia."

Nikasema inanifaa. Nimesema upesi mno.

Hapo akaniuliza ile picha aliyonitumia Krismasi, gauni lilikuwa rangi gani. Nikasema bluu, lilikupendeza sana. Nilisikia gari likipita huko kwao Buffalo.

"Mwambie mama," akasema. "Mi nakuja Pasaka. Kama haujamwambia, nitamwambia mimi."

Sikuomba anihurumie. Nilimuuliza tu gauni lilikuwa rangi gani. Hakuna gauni, kasema. Alikuwa amevaa koti.

Jumatano, 9 Machi

Haya ninayaandika kwa vidole, si kwa kalamu. Mashine ilifika jana kwa posta. Nzito kweli, Charlotte hakudanganya. Gracieuse alibadilisha mpangilio huku bintiye akimwelekeza kwa simu, akaniwekea karatasi za mwaka 1971 kutoka kwenye flashi, akasema ataninunulia vibandiko vya herufi nisihangaike. Nikasema havina haraka.

Leo tangu asubuhi nimepiga bila kupumzika. Mikono ya miaka ishirini! Kifua kinauma lakini vidole havijui. Nimeacha habari za binamu na baiskeli. Nimeingia 1972. Mimi mjamzito, ninatamani ndagala, dagaa wa Uvira na si wa mahali pengine, na Nshombo ananiambia mwanamke huyu ataniua, anacheka, anachukua kofia.

Hapo nikasikia Gracieuse nyuma yangu. Alikuwa ameamka. Sijui alisimama kwa muda gani.

"Mama, kioo iko nyeusi."

Nikaendelea kupiga. Pengine niligusa kitufe cha mwanga asubuhi, nani ajuaye. Akavuta kiti, akakaa.

"Iko nyeusi tangu saa ngapi?"

Ningeweza kusema nimeizima makusudi, nilinde betri. Nilikuwa nalo jibu mdomoni.

"Kwangu mimi," nikasema, "tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Hakulia. Alibonyeza kitu, akanisogelea, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili changu cha darasani ambacho hukitunishia midomo. Ndagala. Kofia. Alipofika mwisho wa maandishi akauliza, "Njo vile alikuwa anacheka?" Nikasema ndiyo, hivyo. Akasema nisiache, endelea, anarudi.

Sasa yuko ukumbini na simu. Ninamsikia anaongea Kiingereza cha kazini, kile cha heshima. Anamwita mtu bosi, anataja mama, anataja usiku. Anasema subiri. Anasema tena mama. Sijamwita arudi. Nikimwita nitaacha, na nikiacha leo sitaweza tena. Nshombo ametoka Uvira na ndagala wake, amefika Kamanyola, chini tu ya milima ya Ngomo. Ameshuka kwenye lori kununua nyanya. Dereva anapiga honi, naye bado anabishania bei, anachagua moja moja, anazigeuza kwenye mwanga, hii hapana, hii ndiyo