Macho Niliyorithi kwa Mama

Temeke,
9 Mei 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Naomba barua hii ikukute unatembea bila fimbo hapo Lindi. Sie huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Kaka Mfaume anakuamkia.

Mama, nina habari njema. Pale shule ya chekechea ninapofundisha, wenzangu walinibandika jina la Mama Wasiwasi, maana kila niingiapo mahali macho yangu hutangulia kwenye msumari, moto au ukuta wenye ufa. Jumatatu mvua ilipokatika, watoto thelathini na wawili walipanga mstari kwenda kucheza. Mwalimu Eufrazia alikwishafungua mlango. Mie nikaona waya mweusi umelala dimbwini, karibu na bembea.

“Rudini! Asitoke mtu!” nikapiga kelele, nikaziba mlango kwa mwili wangu.

Eufrazia akasema ile ni kamba ya kuanikia nguo tu, nimpishe. Nikagoma. Tukiwa bado tunabishana, bata wa jirani akaingia dimbwini, umeme ukampiga, akafa palepale. Eufrazia aliketi chini, akanishika miguu analia.

Kesho yake wazazi walikuja na vigelegele, wakanivika khanga mpya. Mwalimu mkuu akanikabidhi usalama wa shule nzima! Mzazi mmoja, daktari Gozbert, akanieleza kwamba watu tunazaliwa tofauti: wapo ambao macho yao hunasa kitu cha hatari kabla ya wenzao, na kwa sehemu jambo hilo hurithiwa. Akauliza nimerithi kwa nani. Kaka Mfaume, aliyekuja kunipongeza, akacheka, akasema yeye kalelewa nyumba hiyohiyo lakini anaweza kumkanyaga nyoka asimwone. “Hamida ni mama yetu mtupu,” akamalizia.

Hapo nikalia. Mama, barua ya kukualika harusini kwangu haikupotea posta kama nilivyokudanganya. Sikuiandika. Niliona haya kwamba utakagua majiko na taa za wakwe zangu, wakuone mwoga, wanicheke. Nisamehe, mama yangu.

Mume wangu nimeshamwambia ukweli. Barabara ikikauka atakuja mwenyewe kukuchukua. Wazazi wa shule wanataka kumwona aliyenizaa. Ukifika, kagua chochote upendacho. Nitafuatana nawe nyumba hadi nyumba, nikitangaza kwa sauti kwamba huyu ndiye mama yangu.

Mpe salamu shangazi Mwajabu, na majirani wote wanaoniulizia.

Mwanao anayejivunia wewe,
Hamida