Mkono Utakaokushika Kanisani

Toledo, Ohio
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Verlene,

Hujambo wewe, na huyo Emmett wako hajambo? Joto la huko Mobile limewaacha mpumue kidogo? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua kama kawaida, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote: leo amemgombeza mchungaji kwa sababu mahubiri yalipita saa ya chakula. Mimi nakula, nalala, naoga. Niwie radhi kwa mwandiko huu, kuku angeandika vizuri zaidi. Soma polepole, utanielewa.

Najua mama alikupigia kukwambia sitakuja harusini mwezi ujao, na najua alilia badala ya kueleza. Wewe umenipigia tangu siku ile na mimi sikupokea. Nisamehe. Kwenye simu wewe hunikatiza, mwisho najikuta nimekubali kila unalosema. Basi kaa kitako nikueleze mwenyewe.

Jinsi nilivyofika mahakamani unaijua, ingawa mama alikupunguzia chumvi. Baada ya kumzika baba niliingia lile duka la kufulia nguo pale kona, nikamsikia baba akiniita kutoka ndani ya mashine ya kukaushia. Nikang'oa milango ya mashine zote nimtoe. Polisi aliyekuja kunizuia nikamsukuma, akaangukia kapu la nguo za watu. Siku hizi tunacheka. Siku ile hakucheka mtu. Wakili akaniambia nichague: miezi michache ya jela kisha niende zangu, au niingie mpango wa matibabu chini ya jaji, mwaka na ushei, na nikimaliza mashtaka yafutwe. Mzungu mmoja tuliyekuwa naye rumande, jina lake Rusty, akaniona bwege. Akasema, "Chukua jela, ndugu yangu, utatoka kabla soksi hazijanuka. Huyo jaji atakufuata mpaka chooni." Nikamchagua jaji, kwa sababu mama alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo akinitazama. Miezi haikupita mingi, Rusty naye akaja kujiunga na sisi kwa jaji, na soksi zake nadhani zilikuwa zilezile.

Lakini hakusema uongo. Jaji Kowalczyk, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, anauliza kila kitu: umelala vipi, unakula nini, umegombana na nani. Pale mahakamani anayefanya vizuri huitwa kwanza. Watu wote humpigia makofi, hata mwendesha mashtaka, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyeteleza hukaa mpaka mwisho, akitazama migongo ya wenzake wakitoka. Mimi tangu majira ya baridi sikuwahi kukaa mwisho, na mama alilitangazia kanisa zima.

Halafu ikaja barua yako, kwamba kwa vile baba hayupo, mimi ndiye nikushike mkono nikupeleke madhabahuni. Niliingia nayo bafuni nikajifungia, nikalia. Mahafali yangu ya mahakamani yalikuwa yamepangwa Alhamisi moja ya mwezi uliopita, na baada ya hapo ningeweza kutoka Ohio bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mama akanunua suti, akatoa na viatu vya baba kabatini. Kila jioni tukafanya mazoezi ukumbini, yeye akiwa wewe, foronya kichwani, akichechemea. Mara aninong'oneze, "Punguza mwendo, mimi bibi harusi, si mzigo wa posta."

Alhamisi ikafika. Mama alikuja na pai mbili za viazi vitamu kwa ajili ya mahakama nzima. Askari wa mlangoni akamnyang'anya kisu. Mama akamwambia, "Mwanangu, ningetaka kuua mtu ningemlisha pai ya dukani." Tukaingia. Nikaitwa wa kwanza. Bwana Mabry, msimamizi wa matibabu yangu, akanisifu hadi nikaona haya. Jaji akasimama na cheti changu kwenye fremu, akaniuliza kama nina neno. Wenzangu wakifika hapo humshukuru Mungu na mama zao. Mimi nikasema, "Mheshimiwa, hicho cheti kiweke kwanza. Vidonge sijameza yapata wiki mbili. Na kuna mtu ninamsikia."

Mabry alijishika kichwa. Mama alikaa na pai zake mapajani, hata kupepesa hakupepesa. Jaji akakilaza cheti mezani kifudifudi, akauliza kama huyo ninayemsikia ananituma nimdhuru mtu. Nikasema anaelekea huko. Akauliza kwa nini namwambia leo, wakati ningeweza kuchukua cheti na kwenda zangu. Nikamjibu kwamba nina safari, na naogopa nani atasafiri ndani ya suti yangu. Basi yule jaji akaanza kupiga makofi, peke yake. Rusty akaitikia kutoka nyuma, kisha wote.

Usidhani makofi yalinifungulia mlango. Papo hapo akaamuru nipelekwe kwa daktari, vidonge nivimeze mbele ya mama kila asubuhi, nisitoke Ohio mpaka daktari aridhike, na siku hiyo nikae mwisho kama mtelezi mwingine yeyote. Nikakaa. Ila hakuna aliyeondoka, maana pai ilikuwa haijaliwa. Karani akaikata kwa rula.

Sasa nikwambie ambalo jaji hakuliuliza na mama halijui. Mama anadhani nilijisahau, au nilijiona nimepona. Sivyo. Vile vidonge vinanitetemesha mkono wa kulia. Mama aliponishika ukumbini tukifanya mazoezi, mkono wake wote ulitikisika na wangu. Niliuona uso wake kwenye kioo. Nikawaza ukoo mzima wa Emmett umejaa kanisani, wananong'onezana, na maua yako yanatikisika mbele ya watu kwa sababu yangu. Nilitaka siku moja tu niwe kaka ambaye huna haja ya kumweleza mtu habari zake. Nikaacha vidonge. Mkono ukatulia, nikajaza kahawa mpaka ukingoni na haikumwagika hata tone. Nilifurahi kama mtoto.

Ndipo baba akaanza kusema, kutoka kwenye vile viatu. Mwanzo alinisifu. Baadaye akasema Emmett asikuguse, nimzuie palepale madhabahuni. Ilikuwa sauti ya baba kabisa, na kile kikohozi chake. Nilikuwa nimemkumbuka mno, dada, hata nikamwacha aendelee kuzungumza. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nampenda Emmett, na samaki wake wa kukaanga siwezi kuwasahau. Kumwambia au kutomwambia, nakuachia wewe.

Kama kanisa limeshalipiwa na watu wamealikwa, olewa, mdogo wangu, kwa baraka zangu zote. Mama akupeleke, njia anaijua. Wewe mwangalie goti tu. Na kama mnaweza kusubiri hadi majira ya machipuko, nitakuja. Daktari anatafuta dawa nyingine, labda mkono utatulia, labda hautatulia. Nitakuja nao hivyohivyo, na wewe itabidi uushike sana.

Nisalimie Emmett na mama yake. Mama anakusalimu, anasema foronya ile ameshaifua, usimdai. Na huu mwandiko ulioukunjia uso tangu mstari wa kwanza usikusikitishe. Mwezi uliopita ningekuandikia kwa herufi zilizonyooka vizuri. Mkono umerudi kutetemeka, Verlene, na baba amenyamaza.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Delvin