Baba Yako Amesema Ndiyo

Barabara ya Kokoto Namba 4,
Harlan Creek, Kansas.
Machi 12

Mpendwa Janelle,

Hujambo mwanangu? Ross hajambo, na Ellie je, jino lake limeota? Huko Alaska mmeshaanza kuona jua au bado mnapapasa gizani? Sisi huku tu wazima. Goti langu linanisumbua kama kawaida yake, lakini nimeshalizoea, na lenyewe limenizoea. Baba yako yuko salama. Jana alikula sahani mbili za tambi za kuoka na kuku, akauliza kama kuna pai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa unalisubiri.

Na banda tunalosalia ni letu bado. Hakuna wa kutufungia. Sasa shusha pumzi, uketi, nikusimulie tangu mwanzo, maana kwenye simu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa sijui kitu.

Unalijua lile bango alilolichora baba yako pale kwenye kona ya barabara: HAPA HAKUNA DINI, YUPO YESU. Miaka yote tumepita chini yake na masufuria yetu, hakuna aliyelisoma mara ya pili. Aliyelisoma ni jirani mpya wa ng'ambo ya barabara, Verlin Huckaby, dereva mstaafu wa malori. Vumbi la magari yetu lilikuwa linamwingilia hadi kwenye kahawa. Akaenda kulalamika kaunti. Wakamwambia banda la shambani linaruhusiwa kwa ibada ya dini bila kibali, ila mikusanyiko mingine lazima iombewe kibali. Verlin akarudi, akalipiga picha bango, akawapelekea. Wenyewe wamesema si dini, akawaambia, mnataka ushahidi gani tena?

Basi ikaitwa bodi ya kaunti, na baba yako, kama mchungaji, akaitwa aape na ajibu swali moja: hiki mnachokifanya bandani ni dini au si dini?

Wewe unamjua baba yako. Mtu mwingine angesema ndiyo, akaenda zake kula. Hata wakili wa kule mjini alimwambia hivyo hivyo. Yeye akawa hali, halali, anazunguka uwanjani kama mtu aliyepoteza funguo. Nikamwambia, Lowell, ni neno moja tu hilo, liteme. Akanijibu, "Dada, nikisema ndiyo, nimewadanganya watu hawa tangu siku ya kwanza. Nikisema hapana, nimewafungia mlango kwa mkono wangu. Wewe ungesema lipi?" Nikamwambia aje ndani ale kwanza.

Nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia. Tangu mama yako afariki, kinachomtoa baba yako kitandani ni lile banda. Halafu wewe naye hamzungumzi tangu Krismasi, tangu ulipomwambia kuwa mmeanza kusali kwa Walutheri wa huko, naye akakujibu vile alivyokujibu. Nikawaza, huyu akipoteza na banda, tutamzika kabla ya mavuno.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mwenyekiti ni Bi. Kolb, yule aliyekuwa anafundisha hesabu shule ya upili, na sura bado ni ile ile ya kukusanya madaftari. Akamwita Verlin kwanza. Akamwambia, tueleze tu kwa maneno yako, hawa watu wanafanya nini pale ng'ambo.

Mwenzangu, Verlin alikuwa na hamu ya kusema. Nadhani tangu mkewe amwache hajapata wa kumsikiliza.

"Jumapili wanaimba," akasema. "Jumatano wanaimba tena. Mbwa wangu naye anaitikia. Mwezi wa kumi walilizamisha jitu zima kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, baridi ile, likatoka linalia na kucheka, watu wote wakalikumbatia lilivyo na maji yake. Wakifiwa wanakuja na magari kutoka kaunti tatu. Mimi nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga, waliniletea chakula wiki nzima. Sikuwaomba. Yule mama pale" (akaninyooshea kidole mimi) "alisimama mlangoni kwangu, akafumba macho, akaliombea bakuli kabla hajanipa. Maharage yakapoa."

Watu wakacheka. Bi. Kolb akagonga meza.

"Mimi sina dini," Verlin akaendelea, na sasa alikuwa amepandisha. "Najua mtu asiye na dini anaishije. Jumapili analala. Hawa hawalali. Hawa wana dini kuliko watu wote niliowahi kupakana nao, na ndiyo maana nina vumbi."

Bi. Kolb akamtazama juu ya miwani. "Bwana Huckaby, unayaunga mkono malalamiko yako au unayapinga?"

Maskini Verlin, ndipo akaona alivyojichongea. Akasema, "Mimi nilikuja kwa sababu ya vumbi tu," akakaa.

Kisha akaitwa baba yako. Alikuwa amevaa lile koti la kahawia alilomzikia mama yako. Kofia aliishika kwa mikono miwili, anaizungusha. Mimi nikawa nabana mkono wa Opal, tuliyekaa naye kama kila Jumapili bandani, mpaka akaniondoa. Bi. Kolb akamuuliza: ni dini au si dini, Mchungaji?

Akasema, "Mimi nimewafundisha watu wangu kwamba dini ni ngazi, mtu anajipandisha mwenyewe kwenda kwa Mungu. Na mimi sikupanda. Mimi nilibebwa. Hilo sitalifuta hata mnifungie." Hapo nikajua tumekwisha. Nikaanza kuhesabu viti vya bandani, nani atavibeba. Lakini hakuwa amemaliza. "Ila huyu jirani yangu amekaa barazani kwake ananitazama, na alichokiona ni watu wanaimba, wanabatiza, wanazika, wanapeleka chakula. Hajasema uongo hata mmoja. Nilidhani mtu aliyebebwa hana mazoea. Kumbe ana mazoea mengi tu, na ni mazuri, na jina lake ni hilo mnaloniuliza. Ndiyo, Bi. Kolb. Ni dini."

Lilimtoka taratibu lakini likatoka. Janelle, nililia mbele za watu, na kitambaa sikuwa nacho, nikatumia skafu ya Opal.

Bodi haikukawia. Banda libaki, magari yaegeshwe nyuma, na barabara tuimwagie maji siku za ibada. Kina Dwight wa bandani wameshapata tangi la maji. Jumapili iliyopita Verlin alisimama kwenye geti lake akikagua kama tunamwaga vizuri, akaelekeza kwa kidole palipobaki pakavu.

Siyo kwamba wote wamefurahi. Opal amenuna. Anasema Lowell ametuuza kwa ajili ya paa na kuta, na kwamba yeye hakuiacha dini ya kwao akiwa msichana ili aje airudie uzeeni. Jumatano alileta pai ya tufaha, akaiweka mezani, akaketi nyuma kabisa bila kumsalimia mchungaji. Atarudi mbele. Nyuma hasikii.

Sasa nikwambie la njiani, maana hilo ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kupiga simu.

Tulirudi na pikapu yake. Aliendesha polepole mpaka tukavuka reli. Nikadhani anajutia. Mara akaniuliza, "Dada, hivi Krismasi nilimwambia Janelle nini hasa?" Nikamwambia, sikumficha: ulimwambia ameacha Yesu akachukua mishumaa na sala za kusoma kitabuni. Ulimwambia hiyo ni dini, siyo imani.

Akaendesha kidogo. Akasema, "Mama yake, Twyla, alikuwa anazijua zile sala kwa moyo. Walimlea nazo. Nilipomwoa nilimwambia aziache."

"Na hakuziacha," nikamwambia. "Alikuwa anazisema jikoni akiosha vyombo. Nilimsikia mara nyingi."

Akasema, "Hata mimi nilikuwa namsikia."

Akapaki kando ya barabara, kwenye kokoto, injini inanguruma, akalia. Baba yako, ambaye siku ya mazishi alihubiri macho makavu. Sikumgusa, nilimwacha alie mpaka amalize. Halafu akapangusa uso kwa kofia, akasema kwamba mbele ya kaunti nzima amekiri na yeye ana dini, hivyo hana tena pa kusimama akamcheka mtoto wake.

Mwanangu, mimi si mhubiri, na mpaka leo sijui kama Bi. Kolb angeniuliza mimi ningejibu nini. Ninachojua ni kwamba lile neno dini lilikuwa limekaa katikati yenu, wewe na baba yako, na sasa limeondoka. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Krismasi.

Kina Dwight wanakusalimu, na watoto wao. Opal anakusalimu pamoja na kununa kwake. Verlin hakujui lakini nimemwonyesha picha ya Ellie, akasema ana paji la uso la babu yake, pole yake. Mbusu kwa niaba yangu, na Ross mwambie avae soksi mbili. Mungu awafunike huko kwenye barafu, awalinde barabarani na nyumbani, na chakula kisipungue mezani penu.

Bado jambo moja, na hili amenituma mwenyewe kwa sababu anaona haya kukupigia. Amekata tiketi. Pasaka hawezi kuliacha banda, ila Jumapili inayofuata atakuwa kwenu, na amesema atakwenda nanyi kanisani. Anauliza, mtu asiyezijua zile sala za kitabuni akae karibu na nani, ili aweze kuangalizia.

Wako akupendaye daima,
Shangazi Nadine